Kalamu Nyekundu Juu ya Karatasi ya Mazoezi

Karatasi ni moja, imechapwa pande mbili. Ina michoro kumi na miwili ya mtu asiye na uso wala nywele, amevaa fulana na suruali ya michezo. Katika mchoro wa kwanza amekaa kwenye kiti, katika wa pili amesimama. Katika wa tano ameshika reli ya ngazi na kuinua visigino. Chini ya kila mchoro kuna sentensi moja ya amri: kaa, simama, inua, rudia mara kumi. Jina la mwandishi halipo. Chuoni nilihakiki riwaya na tamthilia ili nipate maksi, lakini sijawahi kukaa na maandishi yoyote kwa muda mrefu kama niliokaa na karatasi hii.

Ni ya shangazi yangu. Alipewa pamoja na jina la ugonjwa wake, baada ya miaka sita ya kupewa majina mengine: presha, mawazo, uvivu, kurogwa. Jina lenyewe ni maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huifupisha MS. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, hivyo ujumbe kutoka kichwani kwenda mguuni huchelewa au hupotea njiani. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani, na wengi wa wanaojulikana wako Ulaya na Amerika Kaskazini, mbali na ikweta. Kiswahili hakijaupa jina. Nyumbani Rhotia watu husema "amepooza", naye huwajibu kwa kusimama.

Aliniomba niitafsiri karatasi, ingawa Kiingereza anakisoma. Alisema haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili yetu, tunaompokonya ndoo mkononi.

Hapo pana kisa, na mimi nimo. Daktari wa kwanza aliyeshuku kuwa tatizo lilikuwa la neva alimwambia apumzike, nasi tukamtii daktari kuliko alivyomtii yeye. Kuni tukambebea. Jembe tukalificha. Nilikuwa nikirudi likizo nauondoa mwiko mkononi mwake na kumwekea kiti mlangoni, nikijiona mtoto mwema. Kwa miezi minane alikaa. Alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia mapaja yalikuwa yamekwisha, na yule mtaalamu akatuambia bila kutuficha kwamba sehemu ya udhaifu ule haikuwa MS. Ilikuwa kiti.

Ushauri wa kupumzika una historia yake, na ni historia ya kusoma vibaya. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kuhusu wagonjwa wa MS waliopoteza nuru ya macho kwa muda baada ya kujishughulisha. Lawama ikaangukia shughuli. Baadaye ilibainika kuwa mkosaji ni joto: mwili ukipata moto, neva iliyochubuka hushindwa kupitisha ujumbe, na ukipoa uwezo hurudi. Shangazi alilijua jambo hilo bila kujua kuwa analijua. Kila alipopika ugali kwenye mafiga macho yalififia, nasi tukasema ni moshi. Akitoka nje kwenye baridi ya Karatu, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, anaona tena. Hata sisi tulikuwa na Uhthoff wetu jikoni, na tulimsoma vibaya vilevile.

Kwa miongo mingi wagonjwa waliambiwa wajitunze kwa kukaa. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Utah, Marekani, walichapisha jaribio lililohusu watu 54 wenye MS. Waliopangiwa mazoezi walikanyaga na kuzungusha mashine kwa miguu na mikono, dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Ugonjwa haukuwazidi. Uwezo wa mwili wao kutumia hewa ulipanda kwa asilimia 22. Tafiti nyingi zimefuata, na mwaka 2013 Wakanada wakatoa mwongozo ambao mtu anaweza kuukariri: dakika 30 za mazoezi ya wastani mara mbili kwa wiki, na ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki. Hakuna anayedai kuwa mazoezi yanaponya. Yanampunguzia mtu mzigo wa pili, ule ambao ugonjwa haukuuleta.

Nilipompelekea tafsiri yangu alikuwa ukumbini na daftari za watoto wa jirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mtihani?"

Akachukua kalamu nyekundu. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, kwanza Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kisha huku Karatu, na hajui kusoma karatasi bila kuisahihisha. Penye "Panda na kushuka ngazi ya kwanza mara kumi" aliandika: Ngazi ipi? Penye "Tembea nje kwa dakika thelathini, asubuhi mapema kabla ya joto" aliandika neno moja: Endulen.

Alieleza kwa sababu niliuliza. Huko asubuhi mapema ni saa ya nyati. Mwalimu hutoka nyumbani jua likishachomoza vizuri, tena na wenzake, na jioni saa kumi na mbili mageti ya hifadhi yanafungwa. Wanaotembea kwa ajili ya afya kwenye ukingo wa kreta ni watalii, nao wana askari mwenye bunduki. Shangazi hakuwa analalamika. Alikuwa anaonyesha kwamba kila maandishi yana msomaji wake wa kufikirika, na msomaji wa karatasi hii ana ghorofa, reli, bafu lenye vigae na barabara isiyo na nyati. Kiti cha mchoro wa kwanza kina mgongo na mikono. Chetu ni kigoda, na kusimama kutoka kwenye kigoda ni kazi nzito mara mbili. Mchoraji aliliona zoezi la kwanza kuwa rahisi. Kwetu ni la mwisho.

Nilitafuta waandishi wenye ugonjwa huu ambao wangemfaa zaidi. Nilianza na W. N. P. Barbellion, jina la kalamu la Bruce Cummings, kijana aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe London. Novemba 1915 alikwenda kupimwa kwa ajili ya jeshi akiwa na barua ya daktari wake iliyofungwa. Jeshi lilimkataa bila kuihitaji barua hiyo, na akiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani akaifungua na kulikuta jina la ugonjwa wake. Mkewe alikuwa analijua tangu kabla ya harusi. Shajara yake ilitoka mwaka 1919, na mwaka huohuo akafa akiwa na miaka 30. Ni kitabu kizuri mno, na kwa shangazi ni kitabu hatari. Hadithi yake yote inapanda kuelekea ile barua, na baada ya barua ni kushuka tu. Mwili wake unatazamwa na mwanasayansi aliyezoea vielelezo vilivyokaushwa. Nisimwonee: enzi zake hapakuwa na lingine la kumwambia. Lakini tumerithi umbo la hadithi yake, na familia yetu ililifuata bila kumsoma. Jina likitajwa, kiti kinaletwa.

Nancy Mairs wa Arizona ni mtu mwingine kabisa. Insha yake maarufu, iliyomo katika kitabu cha mwaka 1986, inaanza akiwa anaanguka chali chooni huku akiwazia kuandika insha hiyohiyo. Kwa kujiita, alichagua neno kali la Kiingereza ambalo kwetu liko karibu na "kiwete", akakataa maneno laini. Hapa Kiswahili kinanipa kigugumizi. Kiwete, kipofu, kiziwi: tumewaweka kwenye ngeli ya kiti na kijiko, kisha tukawaomba radhi kwa "mtu mwenye ulemavu". Ninamheshimu Mairs kwa kuchagua, maana shangazi hakuchaguliwa wala hakuchagua. Ila hata kwa Mairs nimekosa kitu. Kitabu chake cha mwaka 1996, mwaka uleule wa jaribio la Utah, kinauona ulimwengu kutoka urefu wa kiuno cha mtu aliyesimama, yaani kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna mwandishi anayejua kukaa kama yeye. Mimi nilikuwa natafuta anayeandika juu ya kusimama mara ya saba.

Wa hapa nyumbani tunao wengi, na hao ndio walionitia hasira zaidi. Filbert Bayi alizaliwa Karatu. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiwa mbele tangu mwanzo. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilimegwa kutoka kwake. Mexico, Oktoba 1968, alimaliza marathoni ya mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde, goti limefungwa bandeji. Hakuna mgeni aliyekuja kumjulia hali shangazi asimtaje Akhwari. Mchungaji alimtaja. Mimi pia nilimtaja, nikidhani namtia moyo.

Ni hadithi tukufu, na hapa haifai hata kidogo. Mwenye MS akijisukuma hadi bandeji anaweza kulipa kwa siku mbili kitandani. Bayi naye hafai: ukitoka mbio tangu mwanzo, ifikapo saa nne asubuhi siku imekwisha. Ustadi unaotakiwa ni kuacha wakati bado unaweza, na hakuna sanamu ya mtu aliyeacha. Kijijini mtu anayeacha jembe kabla ya kuchoka ana jina lake, na shangazi alishaitwa hivyo na mwalimu mkuu mmoja alipoomba kufundisha akiwa amekaa.

Neno "uchovu" lilinisumbua siku tatu. Kwetu kuchoka ni mshahara wa kazi. Mtu hawezi kusema amechoka saa moja asubuhi bila kuchekwa, na mjini "amechoka" maana yake amefulia. Uchovu wa MS huja bila kazi. Nilijaribu "kuzimika", kama simu. Shangazi alilipa vema, kisha akaandika pembeni kwamba simu ikizimika hakuna anayeilaumu. Neno la wizara la huduma hizi ni "utengamao", nami nalipenda, kwa sababu jambo lililotengamaa si lazima liwe limerudi lilivyokuwa.

Mstari wa mwisho wa karatasi niliutafsiri hivi: "Usikilize mwili wako." Nilijivunia. Aliukata kwa mstari mmoja mrefu.

"Mwili wangu ni mwongo," alisema. "Kila asubuhi unaniambia nikae."

Akaiweka karatasi chini, akavuta kigoda katikati ya ukumbi, mlango wazi ili hewa ya Oldeani iingie. Aliinuka bila kushika kitu. Nilihesabu kwa sauti. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Kwenye ya sita paja la kushoto lilianza kutetemeka, na mikono yangu ikatoka mfukoni yenyewe.

"Rudisha mikono."

Baada ya ya saba alikaa akabaki amekaa, ingawa niliona ya nane ingewezekana. Akaninyooshea kalamu.

"Hapo penye kumi, weka saba. Na tarehe."