Bata-Maji Hakuwa Maiti

Kosa kubwa la Jumamosi ni moja: mwendo. Mliokaa msibani chini ya turubai pale Nkome, nanyi mlioiona klipu baadaye, mnakumbuka kwaya ilipokaa, kinanda kikabaki peke yake kwenye sauti ya selo, na ikaanza Le Cygne ya Camille Saint-Saëns, ile tunayoiita Bata-Maji. Nilitazama saa. Wapigaji wengi huimaliza kwa dakika 3 hivi. Kijana wetu alitumia dakika 5 na sekunde 40.

Kwaya iliimba vizuri. Besi walikaa kwenye nota zao, na teno kwa mara ya kwanza mwaka huu hawakupiga kelele.

Narudi kwenye kinanda. Bar ya kwanza ya wimbo ule, Doh ni G, mapigo 6, ni nota sita tu: do, ti, kisha inatumbukia mi ya chini, inainuka la, so, inatua do ya chini. Bar ya pili inapanda taratibu, re, mi, na kukaa kwenye fa. Ni pumzi moja. Aliyeiandika aliweka maneno mawili juu yake, andantino grazioso, yaani mwendo wa kutembea, tena kwa madaha. Hakuandika polepole sana. Hakuandika kwa majonzi.

Mpiga selo halisi hawezi kuburuta nota hizo apendavyo, kwa sababu upinde una mwisho. Bar ile hupigwa kwa mvuto mmoja wa upinde, sekunde 6 hivi, kutoka kishikio hadi ncha. Ukiifanya iwe sekunde 12, kama tulivyosikia, upinde unatambaa kwenye uzi, sauti inapungua nguvu, na utalazimika kuugeuza katikati ya sentensi. Mkono wenyewe ungemwonya. Kinanda hakimwonyi mtu. Ukibonyeza kitufe cha selo, nota inakaa kadiri kidole kinavyokaa, haichoki, haiombi hewa. Ndiyo maana kijana yule aliweza kukaa juu ya ile fa hadi mama mmoja mbele yangu akageuka kutazama kama umeme umekatika.

Na mkono wa kushoto? Saint-Saëns aliandika piano mbili chini ya selo. Moja inatiririsha nota ndogo ndogo bila kukoma, nyingine inadondosha kodi zilizotawanywa. Hayo ndiyo maji. Ndege yuko juu, ametulia, na chini yake ziwa linatembea. Jumamosi maji yaliondolewa. Tulipewa kodi tupu zilizoshikiliwa, kodi za msibani, na juu yake ndege aliyelala kwenye saruji.

Najua kosa hili lilikoanzia. Wimbo ulitungwa mwaka 1886, ndani ya mkusanyo wa vipande 14 kuhusu wanyama, uliotungwa kwa kuwafurahisha marafiki. Mtunzi alikataza mkusanyo usichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande hiki kimoja, kilichotoka mwaka 1887. Bata-maji wake anaogelea. Aliyemuua ni jukwaa: mwanzoni mwa karne ya 20 Mikhail Fokine alimtungia Anna Pavlova dansi ya bata-maji anayekufa kwa muziki huo huo. Dansi ikapendwa duniani kote, na tangu hapo wapo wapigaji wanaoupunguza mwendo ili ndege apate muda wa kufa. Pavlova alikuwa na mabega na mikono ya kuujaza ukimya ule. Sisi tulikuwa na viti vya plastiki na spika mbili.

Halafu lile ninaloandika kila mwaka: kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Kijana aliushusha ufunguo hadi E-flati, nadhani ili wimbo usikike mzito. Selo ina nyuzi nne, C, G, D na A. Wimbo ukiwa kwenye G, do yake na so yake ni nyuzi ambazo hata zisipoguswa hutetemeka na kuitikia, na sauti inapata mwanga. Ufunguo ule unakifaa chombo kile. G meja haina kilio ndani yake, na kuishusha hakuiletei huzuni. Kunaondoa mwanga tu.

Msikilizeni Pablo Casals kwenye rekodi zake za zamani, zenye mikwaruzo. Anachelewesha nota moja, kisha anaufidia muda kwenye ijayo, na bar inafika kwa wakati. Au wasikilizeni wazee wa taarabu asilia Unguja, Ikhwani Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club: kwenye bashraf ya polepole, ile isiyo na uimbaji, selo inabeba sauti ya chini na mwendo hausimami hata mara moja. Siku hizi hata huko taarabu nyingi inapigwa kwa kinanda, na nyuzi zimewekwa stoo. Nimelilalamikia hilo nalo.

Familia ya marehemu ilitaka wimbo mtulivu kwa mtu aliyevua miaka mingi, na uteuzi ulikuwa sahihi kabisa. Wimbo wa maji kwa mtu wa maji. Ulihitaji tu kupigwa kama ulivyoandikwa.

Jioni nilipita mwaloni. Mtumbwi wa dagaa ulikuwa unatoka, injini bado haijawashwa, watu wawili wanavuta makasia bila haraka. Kasia linaingia, mtumbwi unateleza, na kabla haujapoa kasia jingine limeingia. Nikaanza kuiimba ile bar ya kwanza kwa sauti ya chini: do, ti, mi kwenye kasia la kwanza, la, so, do kwenye la pili. Niliimba hivyo mpaka wakawasha injini.