Majenta ilihitaji usingizi, ikapewa pampu

Kusafisha hedi ya printa kwa mara ya saba usiku ule wa Ijumaa lilikuwa kosa. Mliofika msibani Bunda mliishika ratiba ya ibada mkononi, mkauona uso wa mama yetu umekuwa wa kijani kama jani la mgomba, tena umekatwakatwa na mistari myeupe. Najua mafundi wa Musoma mmeshalijadili sana jambo hili: wengine wanalaumu wino feki, wengine karatasi, wengine umri wa printa. Mimi nilikuwepo sebuleni, hatua mbili kutoka mezani. Wino ulikuwa halali na karatasi ilikuwa nzuri. Kilichoharibu kazi ni uamuzi wa mtu.

Turudi kwenye karatasi ya kwanza ya kukagua nozeli, saa tatu kasoro usiku. Printa ni Epson L3110, mnaijua. Nyeusi, yenye nozeli 180, ilitoka ngazi zote. Bluu na njano zilitoka kamili. Majenta, katika nozeli zake 59, ilikuwa na mapengo manne upande wa kushoto. Fundi akasafisha hedi mara moja, na karatasi ya pili ikaonyesha mapengo mawili palepale. Akasafisha tena. Mpaka hapo sina neno naye.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyosema kila kitu. Mapengo mawili ya kushoto yalikuwa yamejaa, na matatu mapya yamefunguka upande wa kulia, mahali palipokuwa pazima dakika tano nyuma. Fundi aliitazama kwa nusu sekunde, akaiweka kando, akabonyeza kusafisha tena.

Pengo lisilohama ni wino uliokauka. Pengo linalohama ni hewa. Hili ningetaka kila anayejiita fundi wa printa kuanzia Sirari mpaka Lamadi alijue kabla hajashika bisibisi. Hedi za HP na nyingi za Canon huchemsha wino ili tone liruke. Hedi ya Epson haichemshi; ndani yake mna kipande kidogo cha fuwele kinachojipinda kikipata umeme, kikaubana wino mpaka tone litoke. Wino haubonyei, ndiyo maana tone linaruka. Hewa inabonyea. Kiputo kikiingia kwenye chumba cha nozeli, kipande kile kinapiga, kiputo kinasinyaa, na tone linabaki ndani. Ukiwasha pampu unavuta wino kwa chini, na kiputo kinahamia chumba cha jirani. Ukivuta zaidi, kinahama zaidi. Kinachokimaliza ni saa nyingi za kutulia, mpaka hewa iyeyuke taratibu ndani ya wino. Kitabu cha mtengenezaji hakifichi hili: ukikagua na kusafisha mara 3 bila nafuu, acha kuprinti, zima, subiri saa zisizopungua 12.

Saa ilikuwa tatu na robo. Ibada ilikuwa Jumamosi saa saba mchana. Saa 12 za mapumziko zingetufikisha saa tatu na robo asubuhi, na nakala zilikuwa 60 tu, tena wenye rangi ni ukurasa wa mbele peke yake. Muda ulikuwepo, na binti wa marehemu aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

“Fundi, si tuiache ipumzike mpaka asubuhi?” aliuliza.

“Usijali dada, hii naiamsha sasa hivi.”

Akasafisha mara ya nne, ya tano, ya sita. Ya saba haikuwa ya kawaida tena. Aliingia kwenye kompyuta akaamuru ule usafishaji mkubwa, unaotoa wino wote uliomo kwenye mirija na kuvuta mwingine kutoka matangini. Kwa amri hiyo kitabu kinataka kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja. Tangi la majenta lilikuwa na wino wa upana wa kidole juu ya mstari wa chini. Nilimwambia. Alisema unatosha. Pampu ikanguruma dakika kadhaa, na kwenye mrija wa majenta tukaona kwa macho yetu wino ukikatika vipande vipande, hewa katikati. Karatasi ya nane haikuwa na majenta hata ngazi moja, na bluu nayo ilikuwa imeanza kutoboka. Ngozi ya binadamu ukiiprinti kwa bluu na njano bila majenta, unapata kijani. Saa tano usiku wakaprinti hivyohivyo nakala zote 60, kwa kuwa watu walikuwa wamechoka na wamefiwa.

Mengine fundi aliyafanya sawa: alifuta kifuniko cha hedi na mpira wake kwa maji ya betri yasiyo na asidi, akapanga hedi, akachagua aina sahihi ya karatasi. Vyema.

Narudia pia nililolisema miaka yote: printa izimwe kwa kitufe chake, isizimwe kwa swichi ya ukutani. Kwa kitufe, hedi inarudi kwenye kifuniko chake na kufungwa. Kwa swichi ya ukutani, au umeme ukikatika inapoprinti, hedi inabaki wazi, na vumbi letu la Bunda la mwezi wa nane halina huruma. Na ule wino wa kusafishia mara saba hauendi mbinguni. Unamwagika kwenye sponji chini ya mashine, ambayo ina kihesabio chake. Kihesabio kikijaa mashine inajifunga, mafundi wanakirudisha sifuri kwa programu ya wizi bila kugusa sponji, na siku moja wino unachuruzika juu ya kitambaa cha meza ya mtu.

Wazee wa mashine za kudurufu hawakufanya kazi kama fundi wetu wa Ijumaa. Karani wa shule aliyekata stensili alitoa nakala ya kwanza, akaipeleka dirishani, akaisoma herufi kwa herufi, ndipo akazungusha mpini kwa nyingine 200. Sauti ya TANU, jarida la chama, ilitoka kwa mashine ya aina hiyo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alishtakiwa kwa makala yake humo iliyowalaumu wakuu wa wilaya wawili, mmoja wao wa Musoma hapahapa, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Hakimu hakuhitaji kubahatisha kilichoandikwa. Karatasi ya mpini na wino mzito ilisomeka mpaka mahakamani, na sisi wenye nozeli 59 kwa kila rangi tumeshindwa kutoa uso wa mama mmoja.

Jumapili jioni, baada ya mazishi, tulijaza majenta kwa chupa mpya ya wino 103, ile ya mililita 65. Mashine ilikuwa imelala tangu Ijumaa. Tukafanya usafishaji mkubwa mara moja tu, tukakagua: ngazi zote, rangi zote nne. Binti aliprinti picha moja ya mama yake, akaenda nayo chumbani.

Karatasi nane za usiku ule ninazo nyumbani Nyasho, nimeziandika namba kwa kalamu. Fundi anayeshikilia kwamba ulikuwa wino feki na aje tuiweke ya pili na ya tatu mezani, anionyeshe wino gani feki unaohamisha pengo kutoka kushoto kwenda kulia.