Maelezo ya Zana na Msomaji Asiyeuliza

Miongoni mwa maandishi yanayotungwa leo, maelezo ya zana ni katika yale yanayosomwa mara nyingi mno na kuhakikiwa mara chache mno. Ni aya fupi, pengine sentensi mbili au tatu, anazoziandika mtunga programu ili modeli ya lugha ijue kwamba ipo zana fulani, inafanya kazi gani, na inataka kupewa nini. Hutafuta tiketi za ndege. Hufuta faili. Huweka miadi kwenye kalenda. Wakala wa akili unde anapopokea ombi la mtu, haioni zana yenyewe wala msimbo ulio ndani yake. Anachokiona ni jina, maelezo, na orodha ya parameta zinazopaswa kujazwa. Kwake yeye maelezo ndiyo zana. Yakiwa na upungufu, upungufu huo haubaki kwenye maandishi: huwa ni fedha iliyokwenda kwa asiyestahili, au faili lililofutwa ilhali mwenyewe alitaka lihamishwe tu.

Utanzu huu ni mchanga. Mwezi Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha watunga programu kuieleza modeli kazi inazoweza kuziita, na mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo zana iliyoundwa na mtu mmoja huweza kusomwa na wakala aliyeundwa na mtu mwingine kabisa. Jambo la pili ndilo zito kwa mhakiki. Zamani hizo, kama miaka miwili mitatu nyuma yaweza kuitwa zamani, aliyeandika maelezo na aliyeunda wakala walikuwa katika chumba kimoja, na penye utata waliulizana. Itifaki iliwatenganisha. Mwandishi sasa anamwandikia msomaji asiyemjua, na msomaji huyo ana tabia moja isiyo ya kawaida: anapokutana na pengo katika maandishi, kwa kawaida haulizi. Hulijaza kwa kukisia, tena kwa ufasaha unaoficha kwamba amekisia.

Ndugu wa karibu wa maandishi haya katika mapokeo ya Kiswahili ni fasili ya kamusi. Watunzi wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981, walikabiliwa na kazi ileile ya kubana maana katika maneno machache. Lakini msomaji wa kamusi ana msaada mwingi nje ya kamusi. Kitenzi "azima" humhusu anayetoa na anayepokea pia, na hakuna Mswahili anayekwama, kwa kuwa humwona msemaji na hujua kitabu kiko mkononi mwa nani. Sasa iwepo maktaba inayounda zana iitwayo "azima", yenye maelezo "Huazima kitabu" na parameta moja iitwayo "mtu". Mtu huyo ni yupi, mtoaji au mpokeaji? Atajwe kwa jina au kwa namba ya uanachama? Karani wa maktaba angecheka kwamba swali kama hilo linaulizwa. Wakala atachagua jibu moja na kuendelea. Si ajabu kwamba katika ushauri uliotolewa na wahandisi wa Anthropic mwezi Septemba 2025 mfano mmojawapo ulikuwa wa namna hii hasa: parameta isiitwe "mtumiaji" tu, iitwe kwa jina linaloonyesha kwamba kinachotakiwa ni namba ya utambulisho wa mtumiaji.

Yapo pia mapokeo ya watunga programu wenyewe, na hayo yamesahauliwa kwa namna ya kusikitisha. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, uliotolewa na Ken Thompson na Dennis Ritchie tarehe 3 Novemba 1971, uliipa kila amri ukurasa wake wenye jina, muhtasari wa matumizi na maelezo. Na karibu na mwisho palikuwa na sehemu ya kasoro. Mwandishi wa zana alitangaza hadharani kwamba zana yake inashindwa pahala fulani. Sehemu ile ilikuwa na adabu ambayo ni nadra kuiona katika maelezo ya leo, ambayo husema zana inaweza nini na hunyamaza kuhusu isichoweza. Kama pangekuwa na kipimo kimoja tu cha kuhukumia maelezo ya zana, kingekuwa hiki: je, yanasema ni wakati gani zana isitumiwe? Maelezo ya zana ya kutafuta nyaraka yanayotaja kwamba hayafikii nyaraka zilizochanganuliwa kama picha yana thamani kuliko aya nzima ya sifa.

Hata hivyo, kuandika vizuri si dawa ya kila ugonjwa. Ushahidi mzuri ulitolewa na kampuni hiyohiyo ya Anthropic mwezi Desemba 2024, ilipoeleza jinsi ilivyounda wakala wa kurekebisha makosa ya programu katika majaribio ya SWE-bench. Waundaji walisema walitumia muda mwingi zaidi katika kuziboresha zana kuliko katika maagizo makuu. Modeli ilikuwa ikikosea kila ilipohama kutoka saraka ya mwanzo, kwa sababu zana ilikubali njia ya faili inayohesabiwa kutoka pale wakala alipo. Wangeweza kuongeza sentensi ya onyo. Badala yake waliibadilisha zana ikatae njia fupi na kudai njia kamili daima, na kosa likatoweka. Maelezo bora hapo ni matokeo ya zana iliyonyooshwa. Onyo refu mara nyingi ni kiraka juu ya muundo mbovu. Kinyume chake kipo pia. Zana ya kutafuta katika intaneti ilipofunguliwa kwa modeli ya Claude, modeli ilikuwa ikiongeza "2025" katika maswali ya utafutaji bila haja, na hivyo kuyapinda matokeo. Zana haikuwa na kosa. Maneno ndiyo yaliyorekebishwa, na mwenendo ukarekebika.

Mifano hii miwili inaonyesha kwa nini njia rahisi ya kutathmini haitoshi. Njia hiyo ni kuyapitia maelezo kwa orodha ya sifa: je, lengo limetajwa, kila parameta imeelezwa, mfano umetolewa? Siku hizi kazi hiyo hupewa modeli nyingine, ambayo hutoa alama haraka na bila kuchoka. Lakini wasomaji wa ushairi wanaijua kasoro yake. Shairi laweza kutimiza mizani 16 katika kila mshororo, vina vikapatana tangu mwanzo hadi kituo, na bado likawa halisemi kitu. Orodha ya sifa hupima mizani. Tena huelekea kuvutiwa na urefu, ilhali kila neno la maelezo huchukua nafasi katika uzingativu wa modeli, nafasi ambayo ingetumika kwa ombi la mtu mwenyewe.

Njia ya pili, ya kumpa wakala maombi halisi na kutazama kama amechagua zana sahihi na kujaza parameta ipasavyo, ni bora zaidi, nayo ina mipaka yake. Maelezo hayapimwi peke yake kamwe. Sentensi iliyokuwa wazi zana zikiwa tano huwa ya utata zikiwa hamsini, na mbili kati yake zote zinasema "hutafuta taarifa za mteja". Tena majaribio mengi hujaa maombi yenye zana inayofaa, kwa hiyo hayampimi wakala katika kujizuia. Orodha ya viwango inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inastahili sifa kwa kuingiza maombi ambayo hakuna zana iliyopo inayoyafaa, na ambayo jibu sahihi ni kutokuita chochote.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walio ughaibuni suala hili lina uzito wa pekee, na mfano wake ni mdogo kama saa ya ukutani. Mama aliyeko Maskati anamwambia wakala amwekee mwanawe aliyeko London miadi ya simu "kesho saa tatu asubuhi". Zana ya kalenda ina parameta iitwayo "saa", na maelezo yake yanasema "saa ya miadi", basi. Kwa hesabu ya Kiswahili saa tatu asubuhi ni saa 9:00 kwa hesabu ya Kizungu. Modeli iliyozoea Kiingereza yaweza kuandika 03:00, na neno "asubuhi" lisiizuie, kwani kwa Waingereza saa hiyo nayo huitwa ya asubuhi. Kisha kuna swali la pili: saa za Maskati, zinazotangulia saa za dunia kwa saa nne, au za London?

Atasema mtu kwamba kujua Kiswahili ni wajibu wa modeli, na zana haipaswi kubebeshwa mzigo huo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ujuzi wa lugha ungetosha. Hautoshi. Wapo waliokulia Uingereza au Marekani wanaosema "saa tisa asubuhi" wakikusudia 9:00, kwa kuhesabu Kiingereza ndani ya maneno ya Kiswahili. Na katika nyumba moja bibi husema kwa hesabu moja na mjukuu kwa nyingine. Hakuna sarufi wala kamusi itakayoamua. Kinachoweza kuamua ni swali, na maelezo ndiyo pahala pa kuliagiza: saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24 pamoja na tofauti ya eneo, na penye njia mbili za kuhesabu mtumiaji aulizwe kabla ya miadi kuwekwa. Maelezo yanayomfundisha msomaji asiyeuliza kuuliza yamefanya kazi ambayo alama nyingi za ubora haziihesabu.

Bado hilo linachukulia kwamba mwandishi ana nia njema. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Invariant Labs ilionyesha zana iliyojidai kujumlisha namba mbili tu. Ndani ya maelezo yake yalifichwa maagizo ya kuitaka modeli isome faili za siri za mtumiaji, ikiwamo funguo zake za kuingilia seva, izipitishe katika parameta iliyoonekana kama ya kawaida, na isimwambie mwenyewe. Mtumiaji aliona jumla ya namba mbili. Hapa ndipo utanzu huu unapojifichua: ni maandishi yenye wasomaji wawili, mmoja anayesoma yote na mwingine anayeonyeshwa kipande. Kwa kipimo cha matokeo peke yake, zana ile ingefaulu kujumlisha. Itifaki yenyewe inaruhusu zana kujitangaza kwamba haiharibu kitu au inasoma tu, kisha inawaonya waundaji wasiyaamini matangazo hayo yakitoka kwa seva isiyoaminika. Onyo hilo ni la haki. Lakini mtu anayebonyeza kitufe cha idhini hana njia ya kujua tangazo limetoka kwa nani, na mara nyingi anachoonyeshwa ni jina la zana kwa Kiingereza.

Kwa hiyo tathmini yoyote inayotaka kuaminiwa haina budi kufika mpaka kwenye kidirisha kile cha idhini, na kwa lugha ya anayeidhinisha. Tafsiri yake haitakuwa kazi nyepesi. Kitenzi "futa" kwa Kiswahili hubeba kufuta ujumbe, kufuta mkutano na kufuta kesi. Kidirisha kikiuliza "Futa mkutano wa Jumatatu?", mtumiaji hajui kama mkutano utaondoka kwenye kalenda yake peke yake, au kama watu wanane waliokwisha kukata tiketi watapokea taarifa kwamba haupo tena.