Nusu Lita ya Maji kwa Kila Mita Mia: Baiskeli ya Wawili katika Vilima vya Roret

Mwendo wa baiskeli ya watu wawili katika nchi ya vilima ni jambo ambalo aghalabu hupimwa kwa nguvu za miguu, nami nilikuwa miongoni mwa wapimaji hao mpaka nilipoushika usukani siku tatu, nyuma yangu ameketi ndugu mmoja asiyeona, tukaizunguka nchi ya chai kutoka Roret hadi Kericho, kutoka Kericho hadi Bomet, na kutoka Bomet kurudi Roret, gari dogo likituchukulia mizigo, maji na vipuri. Ndipo nilipofahamu kwamba miguu ni sehemu ndogo ya shughuli ile, na kwamba salama ya wasafiri imo katika joto la breki na, zaidi ya hilo, katika ulimi wa aliyekaa mbele.

Safari ya namna hii si ngeni kwa Wakenya. Douglas Sidialo, aliyepotewa na nuru ya macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na ambaye mwaka 2005 alifika kilele cha Kilimanjaro, aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town katika msafara wa Tour d'Afrique, mwendo wa kilomita zipatazo 12,000, ambao magari huwachukulia waendeshaji mizigo na chakula na kuwangojea kambini jioni. Ushujaa wake umesifiwa, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini swali lililonikaa mimi moyoni ni la kifundi: mtu asiyeiona njia huwezaje kuikanyaga njia hiyo siku baada ya siku, asichoshwe na khofu kabla ya kuchoshwa na vilima?

Chombo chenyewe kina fremu moja ndefu, viti viwili, na jozi mbili za pedali zilizounganishwa kwa cheni ya upande wa kushoto, hatta miguu ya mmoja haiwezi kuzunguka pasipo miguu ya mwenziwe. Cheni ya kulia ndiyo ipelekayo nguvu za wote wawili katika gurudumu la nyuma. Wa mbele amekabidhiwa usukani, breki na gia, nami nitamwita nahodha. Wa nyuma hana illa pedali na imani yake, nami nitamwita baharia. Gurudumu la chombo hiki lataka spoki nyingi kuliko za baiskeli ya kawaida, nasi tulikuwa na 40 mbele na 40 nyuma, na ile cheni ya kushoto sharti ikazwe kila jioni, kwa maana ikilegea huweza kuruka meno wakati wa kupanda, nao ndio wakati mbaya kuliko wote.

Katika tambarare baiskeli hii ina fadhila kubwa, kwani wawili hupasua upepo karibu sawa na mmoja, na nguvu zao ni za wawili. Bonde la Chemosit, baina ya Litein na Kericho, haliijui fadhila hiyo. Ukiwaweka watu wawili wa kilo 70 kila mmoja juu ya chombo cha kilo 20, mizani itasoma kilo 160, na kuuinua uzito huo mita 100 za wima kwahitaji kiasi cha kilojuli 157. Nao wakitoa wati 100 kila mmoja mfululizo, kazi hiyo itawachukua dakika 13, kabla hatujahesabu msuguano wa tairi. Kwa hiyo tulifunga gia ndogo, meno 26 mbele na meno 36 nyuma, ambayo kwa mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza mita moja na nusu tu, mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, na wachumaji wa chai waliokuwa wakirudi kutoka kituo cha kununulia majani walikuwa na wasaa wa kutuamkia "Chamgei!" na kungoja tuwajibu.

Lakini mlima hauui mtu. Mteremko ndio wenye khatari. Zile kilojuli 157 hazikupotea: zimewekwa kileleni kama amana, na ukishuka mita 100 hurejeshwa kwako zote, ama ziwe mwendo, ama upepo uzile, ama ziingie katika breki kwa sura ya joto. Nalo si joto la kudharauliwa, kwani katika mwinuko wa mita 2,000, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, latosha kuichemsha nusu lita ya maji ya baridi, yaani chai ya watu wawili, kwa kila mita mia za kushuka. Nahodha mwenye khofu huishika breki tangu juu hadi chini, akidhani kwamba ndiyo hadhari, kumbe anapika. Na kama breki zake ni za kubana ringi, ringi hupata moto hatta tairi likapasuka. Ndiyo sababu mafundi wa zamani waliziongezea baiskeli hizi breki ya tatu ya ngoma, na ndiyo sababu tulichagua diski za milimita 203. Fauka ya hayo, tulijifunza kukiacha chombo kikimbie pale njia ilipoonekana wazi na kunyoka, upepo ule sehemu yake, kisha kushika breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, na kuziachia zipoe.

Hapa ndipo unapoingia ulimi. Mambo yote niliyoyaeleza nahodha huyajua kabla ya wakati wake, kwa macho. Baharia huyajua yakiisha kumfika, kwa mwili. Baina ya maarifa hayo mawili hamna daraja illa maneno, na maneno yetu yalikuwa machache, yaliyokubaliwa usiku wa kwanza: "gia" kabla ya kubadilisha, ili alegeze mguu, "pumzika" ili aache kukanyaga, "kona" pamoja na upande wake, na "tuta", ili ainuke kidogo kitini. Siku ya pili, tukishuka kuelekea soko moja, nilikuwa nikitazama lori lililokuwa likitoka pembeni, nikalipita tuta nami kimya. Mimi niliinuka, yeye alipigwa na kiti mgongoni pigo ambalo lilimnyamazisha mpaka Kaplong. Hakunilaumu, na kutolaumu kwake kulinielemea kuliko lawama. Tangu hapo nalihesabu kila neno nisilolisema kuwa deni, nikasema hatta njia iliponyoka: "lami nzuri, mita mia mbili, hapana kitu," kwa maana niligundua kwamba khabari ya usalama humpa miguu nguvu sawasawa na khabari ya khatari.

Juu ya gari la msaada nitasema machache. Lisifuate nyuma yako, kwa kuwa muungurumo wake huyafunika maneno. Litangulie, lingoje kileleni, penye uwanja sawa, kwani kuanza mwendo katikati ya mlima, miguu ya nahodha ikiwa chini na ya baharia juu ya pedali, ni kazi ngumu mno. Na dereva akuamshe mapema, upate kumaliza kabla ya mvua ya mchana, ambayo Kericho huja mara nyingi pamoja na mawe, na udongo mwekundu wa njia za ndani ukilowa hauna urafiki na gurudumu.

Siku ya tatu, tukikaribia Roret, njia iliingia ukungu, nami nikawa naona kama hatua thelathini mbele. Nikapunguza mwendo, nikitafuta mahali pa kuanzia kupanda. Nyuma yangu baharia akavuta pumzi, akasema kwamba anasikia harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani, ile tuliyoipita asubuhi ya kwanza chini ya mlima, kisha, kabla mimi sijafungua kinywa, akasema, "Gia." Nikabadilisha, na mlima ukaanza papo hapo.