Siri Ilihamia Ndani ya Kadi: Namna Nvidia Ilivyofungua Draiva Yake ya Linux

Anayetumia kadi ya michoro ya AMD au Intel kwenye Linux kwa kawaida hajui draiva yake inakaa wapi, wala hana sababu ya kuitafuta. Inakuja na kerneli, inasasishwa pamoja na kerneli, na akihama toleo moja la Ubuntu kwenda jingine haimjii hata akilini. Mwenye kadi ya Nvidia anaijua draiva yake kwa namba. Atakwambia yuko kwenye 470, au 535, au 580, na atakwambia pia ni sasisho lipi lilimwachia skrini nyeusi.

Wengi hudhani tatizo ni ugumu wa amri, kwamba ukimpata mtu wa kukuandikia mistari mitano sahihi ya terminali mambo yamekwisha. Sivyo. Tofauti inatokana na mahali msimbo wa draiva unapoishi: ndani ya kerneli au nje yake. Karibu kila usumbufu wa Nvidia kwenye Linux unaanzia hapo. Ndiyo maana hatua ya Mei 2022, kampuni hiyo ilipoweka hadharani msimbo wa moduli zake za kerneli, inastahili kuchambuliwa kwa makini zaidi ya ilivyoshangiliwa.

Kerneli ina ahadi moja kubwa kwa programu za kawaida: iliyofanya kazi kwenye toleo la zamani itaendelea kufanya kazi kwenye jipya. Ahadi hiyo haiwahusu waliomo ndani ya kerneli yenyewe. Humo, kipande cha msimbo kinaweza kubadilishwa jina, muundo wa data ukaongezewa sehemu, njia ya kuomba kumbukumbu ikaandikwa upya, na hakuna anayesubiriwa. Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo thabiti ya kerneli, aliandika waraka mzima kutetea utaratibu huo, na waraka wenyewe unakaa ndani ya msimbo wa kerneli hadi leo. Kwa utaratibu huo, anayebadilisha kitu ndani ana wajibu wa kurekebisha kila draiva iliyomo ndani inayokitegemea. Draiva ya AMD iitwayo amdgpu, iliyoingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015, hurekebishwa hivyo bila mtumiaji kujua. Draiva iliyo nje inajitafutia.

Kwa hiyo moduli ya Nvidia haiwekwi mara moja ikatosha. Lazima ijengwe upya kwa kila kerneli inayoingia kwenye mashine. Kwenye mifumo mingi kazi hiyo hufanywa na DKMS, chombo kilichobuniwa na wahandisi wa Dell mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiitazama ikifanya kazi utaelewa mengi. Kerneli mpya ikishapakuliwa na kuwekwa, kifurushi chake kinaiita DKMS. DKMS inaingia kwenye folda ya /usr/src, inachukua msimbo wa Nvidia, inatafuta faili za vichwa za kerneli hiyo mpya, yaani zile zinazoieleza moduli jinsi kerneli ilivyopangwa, kisha inaita kikompaila. Baada ya muda zinatoka faili zenye majina kama nvidia.ko, nvidia-modeset.ko, nvidia-drm.ko na nvidia-uvm.ko, zikiwa zimefungamanishwa na kerneli hiyo moja tu.

Faili za vichwa zikikosekana, kwa sababu kifurushi cha linux-headers kinacholingana na kerneli hakikuwekwa, hakuna kinachojengwa. Mashine inawashwa upya ikiwa na kerneli mpya isiyo na draiva. Amri ya dkms status ingelionyesha tatizo hilo kwa mstari mmoja kabla mtu hajazima kompyuta. Natamani kila fundi anayesasisha mashine za watu aizoee amri hiyo, kwa kuwa ni afadhali kulijua kosa wakati skrini bado inawaka.

Kizuizi cha pili ni saini. Kompyuta nyingi za miaka hii huwashwa Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu wakati wa kuwasha, ikifanya kazi, na kerneli iliyopakiwa kwa njia hiyo hukataa moduli isiyo na saini ya ufunguo inaoutambua. Moduli iliyojengwa nyumbani kwako na DKMS haijasainiwa na watengenezaji wa mfumo wako kama Canonical wala Red Hat; imesainiwa na ufunguo uliotengenezwa kwenye mashine yako mwenyewe, na lazima uuandikishe. Wakati wa kusakinisha unaulizwa nenosiri la muda. Unapowasha upya, inatokea skrini ya bluu ikikutaka ubonyeze kitufe chochote ndani ya sekunde chache, kisha uchague kuandikisha ufunguo na uweke lile nenosiri. Asiyeelezwa mapema huiona skrini ile kama hitilafu, huiacha ipite, na mashine huwaka kama kawaida. Tangu hapo draiva ipo kwenye diski, imejengwa vizuri, na kerneli inaikataa kila siku. Ubuntu ilipunguza mateso haya kwa kutoa moduli za Nvidia zilizokwisha kujengwa na kusainiwa kwa kerneli zake yenyewe, na hii ndiyo sababu ninayoiona kubwa ya kutumia amri ya ubuntu-drivers install badala ya kwenda kuchukua faili la .run kwenye tovuti ya Nvidia. Faili hilo, lenye zaidi ya MB 300, humwaga maktaba zake kwenye mfumo bila kumwarifu meneja wa vifurushi, na sasisho linalofuata la mfumo huja likazikanyaga.

Kuna hitilafu ya tatu inayowasumbua hasa wenye seva. Unaendesha nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, kwenye mashine iliyokuwa ikifanya kazi jana, nayo inajibu kwamba toleo la draiva na la maktaba havilingani. Hakuna kilichoharibika. Draiva ya Nvidia ni vitu viwili: moduli iliyomo ndani ya kerneli, na maktaba za OpenGL, Vulkan na CUDA zinazotumiwa na programu. Usiku, masasisho ya kujiendesha yameweka maktaba mpya kwenye diski, ilhali moduli ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu. Fungua /proc/driver/nvidia/version utaiona namba ya zamani. Tazama vifurushi utaiona mpya. Kuwasha upya kunatosha. Lakini kwenye seva inayofundisha modeli kwa siku nyingi mfululizo, neno kuwasha upya si jepesi, na busara ni kuzuia kifurushi cha draiva kisijisasishe chenyewe.

Sasa turudi kwenye ule msimbo. Kwa miaka mingi kilichojengwa na DKMS kilikuwa ganda jembamba tu la msimbo unaosomeka, lililozungushwa kwenye bonge kubwa lililokompailiwa tayari ambalo nje ya Nvidia hakuna aliyeweza kulisoma. Waliotaka draiva huru walilazimika kuiandika wenyewe. Mradi wao, Nouveau, ulijengwa kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Waliweka chombo kinachoitwa mmiotrace kati ya draiva ya Nvidia na kadi, kikirekodi kila namba iliyoandikwa kwenye rejista za kadi. Wakabadilisha kitu kimoja, labda ukubwa wa skrini, wakarekodi tena, wakalinganisha. Kutokana na tofauti za namba hizo walikisia kila rejista ina kazi gani. Nouveau iliingia kwenye kerneli 2.6.33, iliyotoka Februari 2010, na ndiyo inayoamka kwanza unaposakinisha Linux kwenye mashine yenye Nvidia. Ndiyo maana pia usakinishaji wa draiva ya kampuni huanza kwa kuizuia Nouveau ndani ya /etc/modprobe.d: kadi moja haiwezi kushikwa na draiva mbili.

Kisha mlango ukafungwa. Kuanzia kadi za kizazi cha pili cha Maxwell, za mwaka 2014, chipu ilianza kudai kwamba fimwea, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, inayosimamia umeme na kasi iwe na saini ya Nvidia. Nouveau haikuwa na ufunguo wa kusaini. Nvidia ilitoa fimwea ya kutosha kuchora picha, lakini ile ya kupandisha kasi haikutolewa. Kadi iliyonunuliwa kwa bei kubwa ikawa inatembea kwa kasi ya kuwashwa, ile ya chini kabisa, na hakuna ustadi wa kuandika msimbo ungeweza kulitatua hilo.

Uhusiano wa kampuni na jamii ya kerneli ulikuwa umekwisha kuchacha kabla ya hapo. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa kuhusu Nvidia na akaonyesha kamera ishara ya matusi. Tukio hilo hukumbukwa na wote. Lililokuwa na uzito zaidi kiufundi lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Kompyuta ndogo zenye chipu mbili, ya Intel kwa kazi nyepesi na ya Nvidia kwa nzito, zilihitaji chipu hizo zibadilishane picha kupitia mfumo wa kerneli uitwao DMA-BUF. Mfumo huo ulikuwa umewekewa alama kwamba unatumiwa na msimbo wenye leseni ya GPL pekee. Nvidia iliomba alama iondolewe. Alan Cox, mmoja wa wakongwe wa kerneli, alikataa: yeye ni mmoja wa waandishi wa msimbo wa kerneli na hakuutoa kwa masharti hayo. Naamini alikuwa na haki. Lakini walioumia siku zile ni wenye kompyuta ndogo, waliobaki na chipu ya pili wasiyoweza kuitumia ipasavyo.

Hivyo, msimbo ulipotolewa Mei 2022 pamoja na draiva 515, kwa leseni mbili za MIT na GPL, wengi waliona ni kujisalimisha. Wengine waliiunganisha na shambulio la Februari mwaka huo, ambapo kundi la wadukuzi la Lapsus$ liliiba data za Nvidia na kudai draiva zifunguliwe. Sikubaliani na tafsiri hiyo, kwa sababu ukisoma namna kazi ilivyofanywa utaona ilianza miaka ya nyuma. Tangu kizazi cha Turing, cha 2018, kadi za Nvidia zina kichakataji kidogo ndani yake kiitwacho GSP, chenye muundo wa RISC-V. Sehemu kubwa ya yale yaliyokuwa yakifanywa na lile bonge lililofungwa, kuwasha kadi, kupanga kasi, kusimamia kumbukumbu, ilihamishiwa kwenye fimwea inayoendeshwa na GSP. Moduli ya kerneli ikabaki hasa na kazi ya kupeleka ujumbe. Kisha moduli hiyo ndiyo ikafunguliwa. Ni kama mwenye duka aliyefungua milango ya mbele baada ya kuhamishia mali kwenye stoo yenye kufuli. Fimwea ya GSP, yenye makumi ya megabaiti, bado imefungwa na imesainiwa, na maktaba za CUDA na Vulkan za kampuni bado zimefungwa.

Je, basi hakuna kilichopatikana? Kimepatikana kingi, na nakisema bila kusita. Leseni ya GPL imeiruhusu moduli kugusa sehemu za kerneli ilizokuwa imezuiwa. Uwezo wa CUDA kutumia kumbukumbu ya kawaida ya programu moja kwa moja, uitwao HMM, unafanya kazi kwa moduli zilizofunguliwa tu. Wahandisi wa Nouveau waliacha kukisia rejista wakaanza kuzungumza na GSP: kerneli 6.7 ya Januari 2024 ilileta uwezo huo, na kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka kumi draiva huru ikaweza kupandisha kasi ya kadi mpya za Nvidia. Juu ya Nouveau imejengwa pia NVK, draiva ya Vulkan iliyoongozwa na Faith Ekstrand ndani ya mradi wa Mesa. Mwaka 2025 mbegu za Nova, draiva inayoandikwa kwa lugha ya Rust kwa ajili ya kadi zenye GSP pekee, ziliingia kwenye kerneli 6.15. Nvidia nayo, kuanzia draiva 560 ya mwaka 2024, imezifanya moduli zilizofunguliwa kuwa chaguo la kwanza kwa kadi zinazozimudu, na kadi za kizazi kipya cha Blackwell hazikubali nyingine.

Kuna tatizo moja lililobaki: fimwea ya GSP haina lugha thabiti. Kila toleo la draiva lina fimwea yake, na ujumbe unaoeleweka kwenye moja unaweza usieleweke kwenye jingine. Mwanzoni Nouveau ilijifunga kwenye toleo moja, 535.113.01, ili ipate kusimama. Anayechanganya moduli ya namba moja na fimwea ya namba nyingine hapati kitu.

Wanaonihuzunisha ni wenye kadi za kabla ya Turing. Hizo hazina GSP, kwa hiyo moduli zilizofunguliwa haziwahusu. Nvidia imetangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta. Katika maduka yetu ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, hizi si kadi za makumbusho: Dell Precision na HP ZBook zenye Quadro za vizazi hivyo ndizo mashine ambazo mwanafunzi wa uhandisi au mhariri wa video anaweza kuzimudu. Kwa sasa ushauri wangu kwake ni abaki na 580 kutoka kwenye vifurushi vya mfumo wake, achague toleo la muda mrefu la Ubuntu au Debian lenye kerneli isiyobadilikabadilika, na asikubali sasisho linalompeleka tawi la juu zaidi. Tawi hilo litakapokoma kusasishwa, atabaki na Nouveau, na Nouveau kwenye kadi ya Pascal kama GTX 1060 haiwezi kupandisha kasi kwa sababu ileile ya 2014. Fimwea inayokosekana ipo, imekwisha kuandikwa, na Nvidia haitauza tena kadi hizo. Itolewe ikiwa na saini, kwa ruhusa ya kusambazwa, na kazi iliyobaki Nouveau wanaijua.