Sifa na Lawama za Picha za Ndege

Lugha yetu husema kupiga bunduki, na husema pia kupiga picha. Ni kweli kwamba kitenzi hiki ni mtumishi wa mabwana wengi, kwani hata ngoma hupigwa na mbiu hupigwa. Lakini katika habari za ndege ujirani wa bunduki na kamera si wa maneno matupu. Mwaka 1882 mwanachuoni wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alipotaka kujua jinsi ndege arukavyo, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, akailenga angani, akapata picha 12 katika sekunde moja. Ndege aliyelengwa aliendelea kuruka. Jambo hilo moja ndilo heshima kubwa ya sanaa hii, na ndilo litakalotumika hapa kuipimia.

Kabla ya hapo mapenzi ya binadamu kwa ndege aghalabu yalikuwa na damu. John James Audubon, ambaye kitabu chake The Birds of America kilitolewa kwa sehemu tangu 1827 hata 1838 kikiwa na picha 435, aliwapiga risasi ndege aliokusudia kuwachora, kisha akawatia nyaya wapate kusimama kama walio hai. Karne hiyo ilipoelekea ukingoni, manyoya marefu ya yangeyange, ambayo huota majira ya kuzaa, yalitafutwa kwa bei kubwa ili kupamba kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani. Wazazi waliuawa penye viota, na makinda yakafa kwa njaa. Mwaka 1889 wanawake wa Uingereza waliunda chama cha kuipinga biashara hiyo, ndicho kilichokuja kuitwa Royal Society for the Protection of Birds. Walakini sheria ya kukataza manyoya hayo yasiingizwe Uingereza haikupatikana mpaka 1921. Mvaaji wa kofia hakumchukia yangeyange. Alivutiwa naye mno, na mvuto huo ndio uliomwua.

Wala watu wa pwani yetu wasijidhani kuwa wako nje ya hukumu hii. Neno ndege kwetu ni jina la kiumbe na ni jina la bahati, njema au mbaya. Mpenzi husifiwa kwa jina la tausi, na bundi hufukuzwa asilie juu ya paa. Kasuku hupendwa kwa kuwa huiga usemi wetu, na malipo ya ufasaha wake ni tundu. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo alinaswa kwa wingi hata ikawa lazima mataifa yakubaliane, mwaka 2016, kukataza biashara ya kimataifa ya wale wanaotekwa mwituni. Tangu zamani basi kupenda na kudhuru vimekaa nyumba moja.

Kazi ya sasa inayostahili kutazamwa kwa mizani hiyo ni ya Joel Sartore, mpiga picha wa Nebraska katika Marekani. Tangu 2006 amekuwa akizunguka katika bustani za wanyama na makao ya kuwatunzia, akipiga picha za viumbe wa kila aina wanaofugwa humo. Kazi yote ameiita Photo Ark, yaani Safina ya Picha. Na mwaka 2018 ndege wake walipewa kitabu chao peke yao, Birds of the Photo Ark, chenye maelezo ya Noah Strycker. Mtindo wake ni mmoja tu. Ndege huwekwa mbele ya kitambaa au ukuta, mweusi au mweupe, huangaziwa taa, na hapana kitu kingine cha kutazama ila yeye.

Sifa ya kwanza ya mtindo huu ni usawa. Shomoro, ambaye uzito wake haufiki hata gramu 40, na mbuni, anayezidi kilo 100, kila mmoja anaweza kupewa ukurasa mzima, na mdogo hatishwi na mkubwa. Sifa ya pili ni kwamba wasiopendwa hupata haki yao. Chukua tumbusi. Maneno yetu humtaja kwa kudharau, kana kwamba ulafi ni wake peke yake. Lakini mbele ya kitambaa cheusi, pasipo mzoga wala nzi, mtazamaji huona jicho lililo makini na shingo iliyoumbwa kwa kazi yake. Somo hili lina faida kubwa, kwa maana tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika ameandikwa tangu 2015 katika daraja la walio karibu kabisa kutoweka, na sumu inayotiwa katika mizoga ni mojawapo ya sababu. Asiyeheshimiwa hana wa kumlilia.

Lakini kila sifa hapa ina lawama yake. Kitambaa kinachomwondolea tumbusi uvundo humwondolea pia anga, mti, upepo na wenzake. Picha humwonyesha ndege ni nani, isionyeshe ni wa wapi. Na ndege asiye na mahali ni nusu ya ndege. Tena, uso ulioangaziwa hivi hutushawishi kusoma ndani yake habari zetu wenyewe. Bundi huonekana mwenye fikira kwa sababu macho yake yameelekea mbele kama yetu; nayo hayageuki katika matundu yake, ndiyo maana hugeuza kichwa. Tai huonekana mwenye hasira kwa sababu ya mfupa ulioning'inia juu ya jicho lake na kulitia kivuli. Wazungu wakaona kwa bundi hekima, sisi tukaona msiba, na yeye alikuwa akitafuta panya. Picha ya uso haikuliumba kosa hili, ila hulipa kiti cha mbele.

Yafaa hapa kumkumbuka Mwingereza Eric Hosking, aliyewafuata ndege kwenye viota vyao na kujificha usiku kucha akiwangoja. Mwaka 1937 bundi mmoja alimrukia gizani akamtia kucha, naye akapoteza jicho. Hata hivyo aliendelea na kazi yake, na masimulizi ya maisha yake aliyoyatoa mwaka 1970 aliyapa jina lenye mchezo juu ya neno jicho. Katika picha za namna hiyo ndege yuko kwake, na binadamu ndiye mgeni, na mgeni hupokelewa apendavyo mwenyeji. Katika picha za Sartore binadamu ndiye mwenyeji. Hii ni tofauti kubwa kuliko tofauti ya taa na vitambaa.

Je, tumkatae Sartore? Hasha. Wengi wa ndege wake hawawezi tena kungojwa kwenye viota, kwa kuwa viota vimekuwa haba mno. Wala tusisahau njiwa wahamaji wa Marekani ya Kaskazini, waliohesabiwa kwa mamilioni ya mamilioni, na ambao wa mwisho wao, jina lake Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Picha zake zipo, na mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa. Hakuna kati ya hivyo kilichomrudisha. Kama picha zingalipigwa kwa bidii miaka 50 kabla, watu wakazitazama wakaona haya, huenda zingalifaa kitu.

Basi neno safina alilolichagua Sartore ndilo limhukumu, na limhukumu kwa haki. Nuhu hakuwaingiza ndege chomboni ili watazamwe. Alifungua dirisha akamtuma kunguru, akamtuma njiwa; na habari njema ilikuwa siku ile njiwa aliyetumwa hakurudi, maana alikuwa amepata nchi ya kutua. Picha hizi ni nzuri, na zingine ni nzuri kupita kiasi. Ubora wao wa mwisho, hata hivyo, haumo katika kurasa zao. Utajulikana kwa idadi ya watazamaji watakaofunga kitabu wakaenda kuuliza habari za msitu na za kinamasi, ili ndege apate pa kwenda na asirudi.