Macho Yaliyo Kando ya Kitanda

Mwaka 1519 Martin Luther aliandika mahubiri juu ya kujiandaa kufa, kwa ombi la Markus Schart, mshauri katika jumba la mtawala wa Sachsen, aliyesumbuliwa na mawazo ya kifo. Anaanza na mambo ya nyumbani: mali igawanywe, watu wasameheane. Kisha anageukia macho. Kifo, dhambi na jehanamu ni taswira zinazozidi kutisha kadiri mgonjwa anavyozikazia macho. Basi na azitazame ndani ya Kristo tu, ambamo zimeshindwa. Kifo kitafakariwe mapema, tungali wazima. Saa yenyewe ikifika, utazamwe uzima.

Hapa anaachana na yale mazoezi ya kutuliza nia ambayo Jon Kabat-Zinn, akiyachota katika mapokeo ya Kibuddha, aliyaingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, nayo leo hufundishwa hata kwa wahudumu wa wenye kufa. Hayo humzoeza mtu kuitambua kila hisia, hofu ikiwamo, bila kuihukumu. Luther haridhiki hofu itazamwe hivyo tu, nasi twamuunga mkono. Hata hivyo, hatuoni kwa nini mchungaji ayadharau mazoezi yanayomfunza kunyamaza. Sisi huingia, husoma, huomba kwa sauti kuu, hutazama saa, huondoka. Mke wa mgonjwa hubaki akimlowesha midomo kwa pamba.

Juu ya huyo anayebaki, mahubiri yanasema kidogo mno. Mwenye kufa anahakikishiwa kwamba hayuko peke yake: macho ya Mungu, ya Kristo, ya malaika, ya watakatifu na ya Wakristo wote yanamwelekea, na Sakramenti ndiyo ishara ya jambo hilo. Kwa maoni yetu hakuna fundisho zuri zaidi katika andiko lote. Lakini miongoni mwa macho hayo yapo ya mtu asiyelala siku ya tatu sasa, na Luther hamsemeshi.

Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, na aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, aliitafutia kazi hiyo neno lake kule Gethsemane, Yesu alipowaomba wanafunzi wakeshe naye. Hawakuombwa kuyaeleza mateso yake, wala kuyaondoa. Tungependa mwanafunzi wa uchungaji apewe zamu ya usiku mmoja kando ya mgonjwa kabla ya kutahiniwa juu ya mahubiri haya.